Fundi Katoka

Kwa miaka tisa nilifundisha watu wasiogope. Ndiyo iliyokuwa kazi yangu, na nililipwa kwa kazi hiyo kila mwisho wa mwezi, pamoja na bima ya afya na likizo ya siku ishirini na nane. Mradi wetu ulikuwa na ofisi upande wa mjini na ukumbi wa kukodi jirani na viwanja vya Mnazi Mmoja. Kila baada ya miezi michache tulikusanya akina mama thelathini kutoka Kariakoo, Ilala na Msimbazi, tukawafundisha ujasiriamali kwa wiki sita, tukawapa vyeti, tukapiga nao picha. Mimi nilikuwa mwezeshaji. Mama yangu alilipenda sana neno hilo. Majirani walipomuuliza mwanao anafanya nini, alijibu, "Anawezesha," na hakuna aliyethubutu kuuliza zaidi.

Somo langu kubwa lilikuwa la hofu. Nililifundisha Alhamisi ya wiki ya kwanza baada ya chakula cha mchana, saa ambayo mtu aliyeshiba wali na maharage haogopi kitu chochote isipokuwa kusimama. Nilikuwa nachora mto kwenye karatasi kubwa. Ng'ambo hii naandika "Ajira," ng'ambo ile naandika "Uhuru," na katikati, majini, nachora mamba mwenye meno mengi, naandika "Hofu." Kisha nawaambia wafumbe macho na waseme kwa sauti, "Naweza." Walisema. Wengine hawakuyafumbua macho mpaka chai ya saa kumi.

Mamba yule nilimchora vizuri kuliko mwezeshaji yeyote mjini. Sikuwahi kujiuliza kwa nini namfahamu kiasi kile.

Sasa, katika kundi moja alikuwemo mama wa makamo, mwenyeji wa Pwani, ambaye babu zake waliishi Kariakoo enzi za nyumba za makuti. Alikuwa anauza viungo vya pilau karibu na soko. Alikaa mstari wa mbele, khanga begani, mikono juu ya mkoba, na hakuandika neno hata moja tangu siku ya kwanza. Siku ya mamba, wenzake walipokuwa wamefumba macho, yeye alinitazama tu. Nilipouliza kama kuna mwenye swali, akanyoosha mkono.

"Samahani mwalimu. Wewe mwenyewe biashara yako iko wapi, tuje tukuungishe?"

Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa amekula chakula changu siku nne, na kwa malezi yake aliona ni adabu kurudisha wema kwa kwenda kununua kitu kwangu. Ukumbi mzima ukafumbua macho.

Ningeweza kusema sina. Neno lenyewe lina silabi mbili. Lakini nyuma yangu palikuwa na mamba na meno yake, na mbele yangu wanawake thelathini ambao siku ile ile asubuhi waliniahidi kwamba wataacha kuogopa kwa sababu mimi nimewaambia.

"Ipo," nikasema.

"Wapi?"

"Hapa hapa Kariakoo. Kwenye mitaa inayokatiza Msimbazi."

"Mashaallah. Unauza nini?"

Kichwa kikatafuta haraka kitu chochote ninachokijua kwa hakika, nje ya karatasi na kalamu za rangi, kikapata kimoja tu.

"Natengeneza cherehani," nikasema.

Hapo sikudanganya kabisa. Baba yangu alikuwa fundi wa cherehani. Kwa miaka arobaini aliketi barazani mbele ya duka la vitambaa, kwenye kigoda kifupi, mbele yake vichwa vya mashine vimepangwa kama wagonjwa wa zahanati. Mimi nikitoka shule napitia pale na sare yangu, namshikia bisibisi. Nilipofika darasa la sita nilikuwa naifungua mashine yote na kuirudisha bila kubakiza skrubu. Nilipochaguliwa kwenda chuo kikuu, baba akaninyang'anya bisibisi kwa upole, akasema sasa basi. Tangu hapo sikugusa tena. Alifariki mwaka ule ule nilioanza kuwezesha.

Wanawake walipiga makofi. Wakasema ndiyo maana mwalimu anaongea kwa uhakika, kumbe anajua anachokisema. Nami nikatabasamu, nikageuza karatasi ili mamba asinione.

Ubaya ni kwamba nyuma ya ukumbi alikuwa amekaa mkuu wa mradi. Siku ile alikuja kukagua, jambo ambalo hakulifanya zaidi ya mara mbili kwa mwaka. Jumatatu kwenye kikao akatangaza, huku akinitazama kwa fahari, kwamba wiki ya mwisho ya mafunzo kutakuwa na ziara kwenye biashara ya mwezeshaji wetu. "Mfano hai," alisema. Tayari alishaiweka kwenye mpango kazi na mpango kazi ulishatumwa kwa wafadhili. Yeye ni mtu mwema. Hakuniuliza duka lina muda gani, akaniuliza tu kama basi dogo litapata mahali pa kuegesha.

Nilibakiwa na wiki nne na siku kadhaa.

Watu wanaposimulia walivyoanzisha biashara, husema asubuhi moja waliamka wakiwa na ujasiri. Mimi niliamka na hofu. Tena hofu mbili: ya kufungua duka, na ya kuumbuka mbele ya wanawake thelathini na basi lao. Nikazipima kitandani kwa siku mbili. Ya pili ikashinda. Siku ya tatu nikaomba likizo yangu ya mwaka, nikamwachia mwenzangu wa ofisini masomo yaliyobaki, nikaenda kutafuta fremu ya duka.

Dalali alinionyesha fremu tatu. Alitembea haraka, akipinda huku na huku kati ya mikokoteni na mafurushi ya mitumba, na kila tulipofika alisema, "Dada, hii ukichelewa kesho hauikuti." Ya kwanza ilikuwa kubwa kuliko maisha yangu. Ya pili ilikuwa na kesi ya mirathi ndani yake. Ya tatu ilikuwa chini ya ngazi za jengo la ghorofa, dari limeinama upande mmoja, kwa hiyo ukiingia unasimama wima na ukifika mwisho unakuwa umeshapiga magoti. Aliyetoka alikuwa anauza makava ya simu. Nikaichukua hiyo, kwa sababu ilikuwa ndogo kiasi kwamba hata ikifa haitafanya kishindo.

Jirani yangu, fremu inayofuata, alikuwa mama mmoja kutoka Kilimanjaro anayeuza nyuzi, zipu na vifungo kwa jumla. Alikaa kwenye stuli ndefu juu ya maboksi yake kama mtu anayesimamia mtihani. Alinikaribisha, akanipa maji, ndipo akauliza.

"Utauza nini?"

"Natengeneza cherehani."

"Nani?"

"Mimi."

Akaviangalia viatu vyangu vya ofisini, akapanda kwa macho taratibu mpaka kwenye miwani. "Haya," akasema. "Mungu atusaidie." Sikuelewa kama ilikuwa dua au maoni.

Kilichobaki kilikuwa vifaa. Hivyo nilivijua vilipo: chini ya kitanda cha mama, Ilala.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona leo siyo Jumapili?"

"Nimefuata lile boksi la baba. La bisibisi."

Alikuwa anachambua mchicha. Akaweka shina chini.

"La nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza kama ninavyowaeleza wafadhili, nikaanza na fursa, nikamalizia na changamoto. Aliposikia neno fremu akajifuta mikono kwenye khanga, akaanza kulia bila sauti, machozi tu.

"Baba yako aliinama miaka arobaini," akasema. "Mgongo ukagoma, akawa halali chali wala ubavu. Aliinama ili wewe ukae kwenye kiti chenye magurudumu. Leo unataka kwenda kukaa kwenye kigoda chake?"

Hilo halikuwemo kwenye somo la hofu. Nilikuwa nawaambia akina mama kwamba familia huenda isikuelewe, ukae nayo na uieleweshe, kama vile mtu anaweza kukaa kando ya mchicha na kumwelewesha mama yake mgongo wa baba yake.

Akamaliza kuchambua mchicha wake. Mwishowe akanyanyuka, akaingia chumbani, nikasikia kitu kizito kinaburutwa sakafuni. Alilisukuma boksi kwa mguu mpaka mlangoni. Hakutaka kulishika.

"Majirani nitawaambia nini?"

"Waambie niko kwenye mambo ya mitambo."

Akafikiri. "Mitambo," akarudia, kama anayelionja. Halikumchukiza.

Nikafungua duka Jumanne. Mchoraji aliniandikia juu ya mlango FUNDI CHEREHANI, akauliza aweke jina gani na namba gani ya simu. Nikamwambia aache wazi kwanza. Ndani niliweka meza, kigoda, boksi la baba, na kichupa cha mafuta ya mashine. Kisha nikakaa, nikaomba Mungu asije mtu.

Saa nne akaja mtu. Kijana mshonaji, amebeba kichwa cha cherehani begani.

"Mambo vipi dada. Fundi yupo?"

"Katoka," nikasema.

Naapa sikuipanga. Ilitoka yenyewe, kwa sauti ya utulivu kabisa, sauti ile ile ya kusema "naweza." Kijana akasema poa, atarudi. Akaja mwingine saa sita, mama na binti yake. Nikawaambia fundi kaenda kununua vipuri. Saa tisa nikamwambia mwingine kwamba fundi yuko msibani. Siku ya pili fundi alikuwa anaumwa tumbo. Kila alipoondoka mteja nilipata nafuu kubwa, nikafuta vumbi mezani, nikajisikia nimefanya kazi.

Jirani yangu alikuwa anasikia yote. Ukuta kati yetu ulikuwa wa mbao.

"Huyo fundi wako," aliniambia siku ya pili jioni tukifunga makofuli, "kafiwa na nani?"

"Ndugu wa mbali."

"Pole yake. Na hilo tumbo lake limepona?"

Nikasema linaendelea vizuri. Akatingisha kichwa, akaenda zake. Huyu ni mwanamke wa kanisani asiyesema uongo, lakini hana tatizo la kuuangalia uongo wa mwenzake ukicheza.

Siku ya tatu, mapema, akaja mzee mmoja mshonaji wa kanzu. Kofia yake ya vito, ya kudariziwa kwa mkono, ilikuwa safi kama imetoka kupigwa pasi kichwani mwake. Nyuma yake mpagazi alibeba kichwa cha mashine kilichofungwa kwenye shuka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Fundi yupo?"

"Katoka kidogo."

"Nitamsubiri," akasema mzee, akaketi.

Hili sikulitegemea. Nikamwambia fundi anaweza kuchelewa. Akasema yeye hana haraka, mashine ikiwa mbovu mshonaji ana haraka ya nini. Akamwita muuza kahawa, akanywa vikombe viwili na kipande cha kashata. Akasoma gazeti, kuanzia vifo mpaka mpira. Akaniuliza habari za nyumbani. Akaenda kuswali adhuhuri, akarudi, akaketi pale pale. Jirani yangu alihamisha stuli yake ikawa mlangoni. Hakujificha hata kidogo.

Saa saba na nusu nikashindwa.

"Mzee," nikasema, "fundi ni mimi."

Akakunja gazeti lake vizuri. "Mbona ulisema katoka?"

"Alikuwa katoka."

"Karudi?"

Nikavuta pumzi. "Karudi."

"Alhamdulillahi. Mwambie inaruka mishono."

Nikafungua boksi. Bisibisi iligonga chuma kama mtu anabisha hodi. Nikatoa ile sahani ya chini ya sindano, nikatoa bobini, nikachomoa mabonge ya nyuzi na vumbi la miaka. Nikaendelea. Nikafungua upande, nikafungua juu, nikatoa kila kitu nilichokumbuka na vingine viwili ambavyo sikuvikumbuka. Baada ya saa nzima mashine ya mzee ilikuwa imesambaa mezani vipande vipande, naye anaitazama kwa subira ya mtu anayemwangalia daktari akimpasua mtoto wake. Ndipo nilipookota sindano, nikaitazama, nikagundua kwamba ilikuwa imewekwa kinyume, mgongo mbele. Hilo tu. Kazi ya nusu dakika.

Sikumwambia. Nilipaka mafuta, nikairudisha mashine yote, na njiani vidole vikaanza kukumbuka vyenyewe mahali pa kila kitu, vikinitangulia. Hakuna skrubu iliyobaki. Nikaipitisha kwenye kitambaa. Mshono ukatoka mmoja mmoja, umeshikana, kama herufi za mwalimu wa darasa la kwanza.

Mzee akauvuta, akaukagua juani. "Kazi nzuri," akasema. "Ila binti, sindano ilikuwa imegeuka. Mjukuu wangu aliibadilisha jana. Nilidhani utaanzia hapo."

Kwenye fremu ya jirani kikasikika kicheko ambacho nadhani kilikuwa kimebanwa tangu Jumanne.

Tangu siku ile fundi hakutoka tena. Jirani alianza kuniletea wateja bila kuniuliza: kila mshonaji aliyekuja kununua nyuzi aliambiwa kwamba upande wa pili kuna mwanamke, anachelewa kidogo lakini akimaliza ameimaliza. Hofu haikwenda popote. Kila asubuhi nikifungua kofuli nilijisikia kama mtu anayefungua geti la mbwa asiyemjua. Lakini mbwa na mimi tukaanza kuzoeana. Siku ya ziara ilipokaribia nilikuwa na vichwa saba mezani na vingine vitatu sakafuni, na viatu vya ofisini nimeviacha nyumbani.

Basi likaja Ijumaa asubuhi. Halikupata pa kuegesha, likawashusha Mnazi Mmoja, wakaja kwa miguu wakiwa wamevaa fulana za mradi, thelathini na mkuu wa mradi, na mpiga picha anatembea kinyumenyume mbele yao. Fremu yangu inaingia watu wawili, wa tatu akiinama. Wengine wakajaa barazani, wakajaa barabarani, mikokoteni ikasimama, wenye mikokoteni wakatoa maoni.

Nilikuwa nimeandaa maneno. Nikayasema. Mkuu wa mradi akayapokea, akaongeza ya kwake, akasema mnaona, akina mama, huyu mwenzenu ameanza mbali. Yule mama wa viungo alikuwa amesimama mlangoni, anaangalia. Aliangalia rangi ya ukuta. Akaigusa kwa kidole, akakitazama kidole. Kisha akageuka kwa jirani yangu.

"Bibie, samahani. Huyu mwalimu wetu yupo hapa tangu lini?"

Jirani akanitazama. Nikamwona anavyopata taabu, maana alinipenda, na alipenda pia kwenda mbinguni.

"Wiki ya tatu hii," akasema.

Wenye mikokoteni wakasogea wasikie. Nikaona hakuna tena pa kukimbilia, na nyuma yangu dari lilikuwa limeinama.

"Ni kweli," nikasema. "Siku ile mliponiuliza sikuwa na duka. Niliogopa kuwaambia. Nikalifungua kwa sababu niliogopa mtakuja."

Nikasubiri waondoke. Badala yake yule mama wa viungo akaanza kucheka, na alipocheka yeye wakafuata wengine, wakashikana mabega, mmoja akakaa chini kabisa barazani.

"Mwalimu, mbona tulijua," akasema, akijifuta machozi kwa pindo la khanga. "Siku ya pili yake tu nilizunguka mitaa yote hii kukutafuta. Kariakoo nimezaliwa, nikuulizie nisikupate? Nikarudi nikawaambia wenzangu, mwalimu hana duka. Wakasema tukamuumbue. Nikasema hapana, tusimuumbue, tumsubiri. Tuone aibu itamfikisha wapi."

"Kwa hiyo somo la hofu..."

"Aah, somo lilikuwa zuri. Yule mamba hasa." Akanishika mkono. "Lakini mimi mwenzio nauza viungo mwaka wa ishirini na mbili. Mimi pale nilifuata nauli na chakula."

Mkuu wa mradi alicheka pia, kidogo, kwa adabu. Kwenye ripoti yake, ambayo niliiona baadaye, kuna picha yangu na maandishi chini yake: "Mjasiriamali mwenye uzoefu."

Ni ripoti hiyo iliyonipatia barua. Ofisi ya juu ilipoisoma, mtu mmoja makini akakumbuka kwamba kwa kanuni za mradi mtumishi haruhusiwi kumiliki biashara akiwa kazini, kwa sababu ya mgongano wa maslahi. Kwa hiyo mradi wa kuwafanya watu wawe na biashara ulinitaka nifunge biashara. Barua iliandikwa kwa heshima sana. Nilipewa wiki mbili kuchagua, na kikao siku ya mwisho saa tisa alasiri.

Ningependa kusema sikusita. Nilisita wiki mbili nzima. Mama alinipigia kila siku kunikumbusha bima ya afya. Jirani alisema ataniombea, lakini hakusema ataniombea nini. Usiku wa kuamkia kikao nikaamua. Nikaandika barua kwamba nimelifunga duka na naomba kuendelea na kazi. Nikaikunja, nikaiweka kwenye mkoba pamoja na viatu vya ofisini.

Siku yenyewe nilikwenda dukani asubuhi ili kurudisha mashine za watu. Saa tano akaja mwanamke ana pumzi za juu juu. Ana kiwanda kidogo cha kushona ghorofani, mtaa wa tatu, mashine tano. Wana sare za kwaya za Jumapili, na mashine tatu zimegoma kwa mpigo. Nikamwambia nina kikao. Akasema nusu saa tu, dada yangu, angalia tu. Nikasema nusu saa.

Ya kwanza ilikuwa mkanda. Ya pili ilikuwa imekauka mafuta mpaka inalia. Ya tatu ilikuwa na ugonjwa ambao sijawahi kuuona, nikalala chini yake, chali, nikamulika kwa simu ya mwenye kiwanda, kwa sababu yangu ilikuwa kwenye mkoba. Nilimtukana aliyeitengeneza kabla yangu. Nikamwomba radhi baba. Nilipoipata ile skrubu iliyokuwa inasababisha yote nikapiga kelele peke yangu chini ya meza, na washonaji wakapiga vigelegele bila kujua wanashangilia nini.

Nilipotoka kulikuwa kunaadhiniwa magharibi. Kwenye simu yangu palikuwa na simu saba ambazo sikupokea, zote za ofisini.

Nilikaa kwenye ngazi za jengo lile, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Nikasubiri hofu ije, maana sasa ilikuwa na kila sababu. Ilikuja, lakini ilichelewa, na ilinikuta nina njaa. Nikanunua mishikaki.

Baada ya siku chache nikapokea barua ya pili. Ilisema kwamba mkataba wangu umekoma kwa makubaliano ya pande zote mbili. Nimeihifadhi. Ndiyo makubaliano pekee niliyowahi kuyafikia nikiwa nimelala chini ya cherehani.

Sasa ni mwaka wa tatu. Duka lipo, chini ya ngazi zile zile. Mchoraji alishaweka jina na namba. Mwezi huu vichwa ni vingi, mwezi ule vichache, na mwezi wa mvua, maji yakijaa mtaani, tunainua mashine juu ya meza na kungoja. Mamba nimemwona mara nyingi tangu hapo. Haumi sana kama nilivyomchora, ila haondoki mtoni; wale waliowahi kuniuliza dawa yake nimewaambia sina.

Mama alikaa mwaka mzima bila kukanyaga dukani. Kisha Jumanne moja akatokea, hakupiga simu, amebeba kikapu cha chakula. Alisimama mlangoni akaangalia dari, sakafu, mgongo wangu. Akaniambia niketi wima. Akaniambia kigoda ni kifupi mno, ninunue kinachofaa. Alipoingia mteja na kuanza kupunguziwa bei, mama akaweka kikapu chini.

"Unampunguzia kwa nini?" akaniuliza mbele yake. "Hii ni kazi ya mitambo."

Mteja akalipa yote. Tangu siku ile mama huja Jumanne na Ijumaa, hukaa kwenye stuli na yule jirani, wanakunywa chai ya tangawizi na kunipangia maisha. Kila mshonaji anayepita na kitu kizito begani humwita kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, "Baba, kichwa hicho unakipeleka wapi? Fundi yupo huku!"